Kocha na Refa Mbele ya Watoto

Masomo ya kusomwa kabla ya kikundi kukutana: Kutoka 18:13–26, Kumbukumbu la Torati 1:16–17, Mathayo 18:15–17, Matendo ya Mitume 15:36–41.

Wapendwa wasomaji, mwezi huu tumeona yafaa tuache kidogo mfululizo wetu wa nyaraka za Paulo, tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema halina uhusiano na kanisa. Nalo ni ugomvi wa makocha na marefa katika michezo ya watoto na vijana. Sababu ya kulichagua ni hii. Katika mtaa wetu wapo waumini wawili, mmoja mwalimu wa michezo, mwingine refa. Walikosana uwanjani kwa ajili ya goli moja la watoto wa darasa la sita. Tangu siku ile, kila Jumapili tunapofika mahali pa kupeana amani, mmoja wao huinama kufunga kamba ya kiatu. Watoto wa timu ile, ambao karibu nusu ni wa Shule ya Jumapili, wamekwisha kulitambua jambo hilo. Wanahesabu ni Jumapili ngapi kamba hiyo imefunguka.

Basi hatuwezi kusema ni mambo ya uwanjani tu. Yamekwisha kuingia kanisani na kuketi benchi la tatu.

Sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa kupenda michezo. Nenda Nyamagana jioni yoyote, au pita Igoma na Buhongwa, utakuta vumbi na watoto. Kule ufukweni wadogo hushikana mieleka mchangani wakingoja mitumbwi, na daima yuko kaka mmoja anayesema nani mgongo wake umegusa chini. Mwaka 2018 mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika hapa kwetu, na Chuo cha Ualimu Butimba kikajaa watoto wa mikoa yote. Kabla mtoto hajafika huko hupita shule, kata, tarafa, wilaya na mkoa. Kila ngazi ina refa wake na kocha wake, na kila ngazi ina kelele zake.

Kazi ya refa ni nini hasa? Ni kuamua papo hapo, kwa macho mawili, jambo ambalo watu mia tatu wameliona kutoka pande mia tatu. Sheria za mpira wa miguu zasema uamuzi wake juu ya mambo yaliyotokea katika mchezo ni wa mwisho, hata juu ya goli kuwa goli au la. Aweza kujirekebisha mwenyewe, au akishauriwa na mshika kibendera, lakini mchezo ukisha kuanzishwa upya hawezi tena kurudi nyuma. Makocha wengi hawaijui sentensi hiyo. Wanabishana dakika kumi juu ya goli ambalo, kwa sheria, hata refa mwenyewe hana tena uwezo wa kulifuta.

Mtu atauliza, je, si dhuluma hiyo, uamuzi usioweza kukatiwa rufani? Hapa ndipo tunapomhitaji Yethro. Alimkuta mkwewe Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua kila shauri la kila mtu, na watu wamesimama wakichoka. Yethro hakumwambia Musa kwamba mashauri madogo hayana maana. Alimwambia aweke watu wa kuyaamua huko huko chini, wasimletee ila lile lililo gumu. Ndiyo hekima ya filimbi. Kama kila kuotea kungepelekwa mbele ya kamati, watoto wa Ukerewe wangelikosa kivuko cha kurudi kwao.

Lakini yako mashauri yaliyo magumu, na hayo yana mlango wake. Mchezaji si mwanafunzi wa shule ile. Umri wake si ule ulioandikwa. Timu imechezesha mamluki. Haya si mambo ya jicho la refa, ni mambo ya cheti na daftari la mahudhurio, na kocha anayo haki ya kuyalalamikia, bali kwa maandishi, kwa wakati uliowekwa, mbele ya kamati. Tena tunayo mifano miwili ya taifa letu, mmoja wa aibu, mmoja wa faida. Mwaka 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, walikuwa wamekwisha kufuzu kwenda fainali za Afrika huko Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Miaka kumi na zaidi baadaye mambo yakageuka. Kongo Brazzaville walitutoa katika mechi za kufuzu, shirikisho letu likakata rufani juu ya umri wa mchezaji wao mmoja, Shirikisho la Afrika likamwita akapimwe, naye hakuletwa. Kongo wakaondolewa, na Mei 2017 Serengeti Boys wakacheza Gabon. Kipimo chenyewe ni cha picha ya mfupa wa kifundo cha mkono, ambacho FIFA walianza kukitumia katika fainali za vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria. Rufani ile ilifika mwisho wake bila mtu yeyote kuingia uwanjani na kumshika refa shati.

Na hapa lazima tuseme neno litakalowaudhi baadhi ya ndugu zetu. Tumemwona kocha akimfokea refa kwa kona moja, akimwita mwizi, naye katika timu yake mwenyewe ana kijana mwenye ndevu ambaye amemwandika darasa la saba. Mithali 20:10 hunena juu ya vipimo viwili vya namna mbalimbali. Wauza samaki wa Mwaloni Kirumba walielewa mstari huo bila mahubiri siku tulipousoma pamoja nao. Mama mmoja alisema mwenye mizani mbovu ndiye wa kwanza kulalamika mizani ya jirani.

Sasa tusije tukampa refa kanzu nyeupe asiyostahili. Kumbukumbu la Torati 1:16–17 yawaagiza waamuzi wasikilize mdogo kama mkubwa, wala wasiogope uso wa mtu. Wako marefa waogopao uso wa mwalimu mkuu mwenyeji. Tena liko jambo dogo ambalo sisi twaliona ndilo shina la magomvi mengi katika michezo ya kata: nauli ya refa hutolewa na shule mwenyeji. Anakuja kwa pikipiki, mwenyeji analipa. Anapewa soda na chapati katika ofisi ya mwenyeji, huku wageni wakimtazama kupitia dirishani. Pengine ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini wageni wamekwisha kuhukumu kabla filimbi haijapigwa, na penalti ya kwanza itakayotolewa dhidi yao watasema ni ile chapati. Kumbukumbu la Torati 16:19 yaonya juu ya zawadi na macho. Dawa yake si ngumu: kila shule itoe nusu siku tatu kabla, fedha zikae kwa katibu wa michezo, na refa anywe maji yake chini ya mti mahali pa wote.

Mengine hutokea hata refa asipokosea. Turuhusiwe kusimulia letu wenyewe, maana hatutaki kuonekana tunawanyoshea wengine vidole.

Mwaka 1987 tulikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi ng'ambo ya ghuba, tukafundisha timu ya shule. Tulikuwa na timu nzuri, na hilo ndilo lililotuponza. Tukafika mchezo wa mwisho wa tarafa. Magoli yalikuwa ya miti ya mkaratusi, hayana nyavu. Zimebaki dakika chache, sare, mshambuliaji wao akapiga, mpira ukapita karibu sana na mti na kwenda zake kwenye mihogo. Refa, mwalimu wa shule nyingine, akapiga filimbi akaonyesha katikati. Goli. Sisi tulikuwa upande wa pili wa uwanja, mbali kabisa, lakini tuliona wazi kwamba mpira umepita nje. Au tuseme tuliona tulivyotaka kuona. Tukaingia uwanjani, tukautwaa mpira tukauweka kwapani, tukamwuliza refa mbele ya watu wote: "Umekula nini?" Kisha tukawaamuru watoto watoke. Timu ikahesabiwa imeshindwa kwa kukimbia mchezo. Watoto wa darasa la saba wa mwaka ule hawakupata nafasi nyingine.

Jumatatu yake tulikuwa tukisahihisha hesabu. Tukamwekea mkosa nahodha wa timu katika hesabu ya sehemu. Akatazama daftari lake, akatazama juu, akasema kwa sauti ile ile yetu: "Mwalimu, umekula nini?" Darasa zima likacheka. Tulikwisha kuinua fimbo. Tukairudisha mezani, maana hakuna mtu mwingine aliyemfundisha maneno hayo.

Lakini hilo si lote. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumekwisha kuhamia chuo cha ualimu, tulikutana Mwaloni na mtu mzima mwenye ndoo za dagaa. "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa golikipa wetu wa siku ile. Tukazungumza habari za wenzake, nani yuko wapi, nani amekufa maji. Ndipo akasema, kama mtu anayetua mzigo: "Mwalimu, lile lilikuwa goli. Mpira ulipita ndani ya mti, niliugusa kwa vidole." Tukamwuliza mbona hakusema. Akacheka kidogo. "Ningesemaje, mwalimu, na wewe ulikuwa umekwisha kuushika mpira?"

Tulitafuta habari za yule refa. Alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Wapendwa, tumelifikiri jambo hilo sana. Kwa kawaida twasema ugomvi wa wakubwa huwafundisha watoto utovu wa adabu, na ni kweli, yule nahodha ni shahidi. Lakini golikipa yule alijua ukweli kuliko refa, kuliko kocha, kuliko watazamaji wote. Tulimfunga kinywa. Tulimfanya mtoto wa miaka kumi na mitatu anyamazie uwongo kwa ajili ya kumheshimu mwalimu wake. Amri ya tisa tulikuwa tukiifundisha kipindi cha dini kila Ijumaa.

Yako yaliyo mabaya zaidi ya hapo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, Agosti 2016, mchezaji mieleka wa Mongolia wa uzito wa kilo 65 alikuwa akiongoza katika kuwania medali ya shaba. Zikabaki sekunde chache, akaanza kushangilia na kumkwepa mwenzake. Waamuzi wakampa mpinzani wake wa Uzbekistan pointi, na medali ikaenda huko. Makocha wake wawili, watu wazima, wakavua mashati na viatu pale pale ukingoni mwa zulia, mmoja akabaki na nguo ya ndani tu, dunia nzima ikitazama. Shirikisho la mieleka likawafungia miaka mitatu. Na ajabu ni kwamba mchezo ule wa mieleka una njia halali ya kupinga: kocha hutupa kifaa laini ulingoni, waamuzi huangalia picha upya, na kama amepinga bure, mpinzani huongezewa pointi moja. Sisi twaipenda sana kanuni hiyo. Ukitaka kupinga, pinga, lakini kiwe na gharama kwako.

Watu walicheka habari ya Rio. Hakuna aliyecheka habari ya Almere, mji wa Uholanzi, Desemba mwaka 2012. Huo ulikuwa mchezo wa vijana, si wa fedha wala wa kombe kubwa. Mshika kibendera alikuwa baba mmoja aliyejitolea, na mwanawe alikuwa akicheza. Mchezo ulipokwisha, vijana wa timu ya pili wakamrukia wakampiga mateke. Kesho yake akafa. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana sita pamoja na baba wa mmoja wao, na yule baba akapewa kifungo cha miaka sita. Mtu mzima wa miaka hamsini, katikati ya watoto, kwa ajili ya kibendera.

Twamtaja pia mwalimu mwenzetu mmoja, Ken Aston wa Uingereza, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye pia alikuwa refa. Mwaka 1962 alichezesha mechi ya Chile na Italia katika Kombe la Dunia huko Santiago, mechi ya ngumi na mateke ambayo polisi waliingia uwanjani zaidi ya mara moja. Miaka minne baadaye, baada ya mechi ya Uingereza na Argentina ambayo watu hawakuelewana nani ameonywa na nani ametolewa, alikuwa akiendesha gari London akasimamishwa na taa za barabarani. Njano, tahadhari, nyekundu, simama. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa kadi, zikatumika mara ya kwanza Mexico mwaka 1970. Si ajabu aliyezibuni awe mwalimu wa watoto wadogo, mtu aliyezoea kusema jambo moja mara moja, kwa ishara, bila kelele. Tangu mwaka 2019 kocha naye huonyeshwa kadi. Na sheria ile ya 2019 ina kifungu ambacho tungependa kila mwalimu wa michezo akibandike ukutani: kosa likitokea kwenye benchi na mkosaji asijulikane, kadi huchukuliwa na kocha mkuu aliyepo. Tusome tena Kutoka 18 tukiwa na kifungu hicho mkononi.

Tuje sasa kwa Paulo na Barnaba. Tumezoea kuwasoma kama mitume, tukasahau kwamba Matendo 15 yasimulia watu wazima wawili waliogombana juu ya kijana. Yohana aitwaye Marko alikuwa amewaacha Pamfilia. Barnaba, aliyekuwa ndugu yake wa ukoo, alitaka wamchukue tena; Paulo hakukubali mtu aliyekimbia kazi. Ugomvi ukawa mkali hata wakaachana, mmoja akaenda Kipro na kijana wake, mwingine akapita Shamu na Kilikia. Luka hatuambii nani alikuwa na haki. Tungependa kujua Marko alikuwa amesimama wapi walipokuwa wakibishana, kwa maana hakuna aliyemwuliza neno. Lakini soma 2 Timotheo 4:11, mwisho kabisa wa maisha ya Paulo, gerezani, uone ni nani anayemwita aje kwake na kwa nini. Paulo alingoja muda mrefu, tena aliweza kungoja kwa sababu wote wawili walikuwa bado hai.

Kwa hiyo kocha afanye nini akiona ameonewa? Mathayo 18 yatupa mpango, nao unalingana ajabu na kanuni za michezo. Kwanza, wewe na yeye peke yenu: mchezo umekwisha, watoto wameoga, hasira imeshuka, mwende pembeni. "Mwalimu mwenzangu, lile goli mimi niliona hivi, wewe ulisimama wapi?" Marefa wengi, wakiulizwa hivyo, husema kweli yao. Mara nyingine husema, "Nilikosea," na neno hilo halijawahi kumwua refa. Pili, chukua mmoja au wawili, yaani katibu wa michezo na mwalimu asiye wa upande wowote. Tatu ndipo kamati, kwa karatasi. Wakati wa mchezo wenyewe ni bora nahodha tu ndiye amwendee refa. Hata katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024 nchini Ujerumani waliagiza hivyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kufundishwa kusema, "Samahani refa, tumeuliza kwa nini." Tumewaona wakifanya vizuri kuliko walimu wao.

Na refa akijua amekosea, aseme baada ya mchezo. Asijaribu kulipa kosa la kipindi cha kwanza kwa penalti ya bure kipindi cha pili, kwa maana hapo atakuwa ameonea timu zote mbili.

Maswali ya kuzungumzia kikundini. Kwanza, nani katika familia yako au shule yako hawezi kusema ukweli kwa sababu wewe "umekwisha kuushika mpira"? Pili, soma Wagalatia 2:11–14, ambapo Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote, ulinganishe na Mathayo 18:15. Ni wakati gani kupinga hadharani kwafaa, na je, goli la watoto ni wakati huo? Swali hili ni gumu, wala hatutawapa jibu. Tatu, nauli ya marefa wa michezo ya vijana wa mtaa wetu ilipwe na nani, lini, na ikae kwa nani? Nne, soma Mathayo 5:23–24. Wewe unayeketi benchi la tatu, kati ya ndugu wawili ambao mmoja anafunga kamba ya kiatu, utafanya nini Jumapili ijayo?

Viongozi wa vikundi walete majibu ya swali la tatu kwa katibu wa mtaa kabla ya mwezi wa sita, yakiwa yameandikwa. Swali la nne halihitaji karatasi.